Kibao Nyuma ya Mlango

Siwema alipofika nchi ya Pamojani, mtu wa kwanza kumpokea hakumuuliza jina wala alikotoka. Alimuuliza, "Unaruhusiwa nini?"

Siwema alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na cheti cha utunzaji wa kumbukumbu ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Alidhani ile ndiyo salamu ya huko, akajibu kwamba hajambo. Yule mtu akaandika kitabuni, "Haruhusiwi kitu. Mzima wa afya." Kisha akampisha.

Pamojani ina majumba mengi ya kulala watu, lakini nyumba inayotajwa kwa heshima ni moja tu, nayo huitwa Nyumba Kuu. Zamani kila chama cha ufundi kilikuwa na jengo lake la kutunzia vitabu vyake: wafinyanzi lao, wafuga nyuki lao, wakunga lao, wasusi lao. Mapaa kumi na moja yalivuja kwa zamu, walinzi kumi na mmoja walisinzia kwa zamu, na kila mwaka chama kimoja kilipoteza vitabu kwa mvua au kwa mchwa. Wakakaa, wakaulizana, wakajenga nyumba moja yenye paa moja, msingi mmoja na kisima kimoja. Ndani yake wakatenga vyumba kumi na kimoja, kila kimoja na mlango wake na siri zake. Chini ya paa lile lile mfinyanzi hajui aliyoandika mfuga nyuki, na mfuga nyuki hajui aliyoandika mkunga. Siwema alipoelezwa haya alifurahi mpaka macho yakamlowa. Aliona kwamba hapa watu wamepata njia ya kukaa pamoja bila kuchunguliana.

Watu wa nyumba ile ni wa namna mbili. Kuna watu wa chumbani, ambao hujulikana chumbani mwao tu. Kwa wafinyanzi yuko Pazi, na kwa wasusi yuko Pazi mwingine, na hakuna anayewachanganya, maana kila mmoja akivuka kizingiti chake huwa mgeni kama wageni wengine. Halafu kuna watu wa paani, wanaotengeneza paa, kuchota kisima na kuangalia nguzo. Hao hujulikana kila chumba, nao hujichora mistari miwili myeupe kwenye paji la uso ili watambulike. Lakini kujulikana si kuruhusiwa. Sheria ilisema hivyo waziwazi, kwenye ukurasa ambao Siwema aliukuta haujakunjwa kona wala kuchafuliwa na kidole cha mtu yeyote tangu uandikwe.

Ruhusa yenyewe huchongwa kwenye kibao cha mti, kidogo kama kiganja, na mtoaji ni lazima amalizie kwa neno moja kati ya mawili: "kote" au "hapa". Ruhusa ya kote hutundikwa kwenye ubao mkubwa chini ya ngazi ya paani. Ruhusa ya hapa hutundikwa ndani ya chumba chenyewe. Hilo nalo Siwema aliliona ni jambo la busara.

Ambacho hakukielewa ni Siku ya Kutumia.

Wazee wa Pamojani waliona ruhusa zimezidi, wakapitisha sheria kwamba ruhusa isiyotumika mwaka mzima hufa. Nia ilikuwa nzuri. Lakini watu hawakupenda ruhusa zao zife. Basi ikawekwa siku moja kila mwaka, na siku hiyo kila mwenye kibao huja kukitumia ili kisife. Anaingia chumba asichokuwa na haja nacho, anafungua kitabu asichokihitaji, na kama ushahidi anasoma mstari mmoja kwa sauti mbele ya watu. Siku nyingine zote wenyeji wa chumba wana haki ya kumwuliza anayeingia, "Una haja gani?" Siku ya Kutumia swali hilo ni kosa. Mwaka uliopita, alisimuliwa Siwema, watu mia sita walisoma mistari mia sita, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua kuzama. Mingi ilikuwa ya namna hii: "Mtungi mmoja, umepasuka shingo."

Siwema alipewa kazi ya mkaguzi wa muda, akawekewa kiti chini ya ngazi karibu na Karani Tuwa. Karani alikuwa mtu mpole, mwenye kikapu cha vibao miguuni na mdomo wa bomba la mwanzi begani. Bomba hilo lilipanda mpaka paani kwa Mheshimiwa Zahoro, Mkuu wa Paa, ambaye alitawala vyumba vyote kumi na kimoja na alikuwa hajashuka kwa miaka minane. Magoti, walisema. Tena huko juu kuna upepo mzuri.

Siku ya tatu, Jumanne, walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana, aproni kiunoni, mikono inayonuka mafuta ya nyonyo. Huyo ni Bi Kimeta, mkunga mkuu. Mwingine alikuwa kijana, amembeba mgongoni mtoto wa kike wa miaka minne ambaye kwa ukubwa wake alipaswa kuwa anatembea.

"Tuwa, nimekuja tena," alisema Bi Kimeta.

"Karibu tena. Shikamoo, Bi Kimeta."

"Usinipe shikamoo, niondolee Ndaro."

Karani aligeuka, akapitisha kidole kwenye ubao mkubwa kutoka juu hadi chini, kwa utaratibu na bila haraka. "Ndaro wa nyuki hayumo. Ameshaondolewa."

"Mwaka jana uliniambia ameshaondolewa."

"Na mwaka jana alikuwa ameshaondolewa."

"Na akaingia chumbani mwangu, akasoma!"

"Hayo ni mambo ya mlango, Bi Kimeta. Mimi ni wa ngazi."

Siwema aliwafuata kisimani, akajitambulisha, akawaomba wamweleze tangu mwanzo. Bi Kimeta alimtazama kama mtu anayetazama kiatu kipya, akijiuliza kitadumu siku ngapi.

"Eleza wewe, Mwanakombo," alimwambia yule kijana. "Ni mambo yako."

Mwanakombo aliongea polepole, na kila baada ya maneno machache alimpandisha mtoto mgongoni. Yeye ni mjane wa mfuga nyuki. Miaka minne nyuma, mwaka wa mvua kubwa, alizaa mtoto akamzika wiki hiyo hiyo. Siku ya maziko, mwanamke mpita njia alijifungua mikononi mwa wakunga, akafa. Wakunga wakamchukua yule mtoto mchanga, wakampeleka kwa Mwanakombo, ambaye maziwa yalikuwa yanamtoka na hana wa kumpa. Ndiye huyu Shani. Mji mzima unajua Shani ni mtoto wa Mwanakombo. Kitabu cha wakunga peke yake ndicho kinachojua zaidi ya hapo, kwa sababu wakunga huandika ukweli.

"Mume wangu alikufa anajua," alisema Mwanakombo. "Hakuwahi kujali. Lakini kwa wafuga nyuki, mtoto asiye wa damu, baba akifa, katibu wa chama ndiye anayesema akae wapi. Na katibu ni shemeji yangu Ndaro."

"Amesikia tetesi," alisema Bi Kimeta. "Juzi ametangaza sokoni kwamba safari hii hafungui kitabu popote tu. Anataka ukurasa wa mwaka wa mvua kubwa. Atausoma mlangoni, kwa sauti, na mimi siruhusiwi hata kumwuliza anataka nini. Na anaweza. Mwaka jana alifungua tu ovyo, akasoma habari ya mama mmoja aliyeharibikiwa na mimba tatu na hakumwambia mtu. Yule mama hayuko tena nchi hii."

"Siku ya Kutumia ni lini?"

"Ijumaa."

Mtoto alinyoosha mkono kutoka mgongoni, akashika ukosi wa Siwema, akauachia. Kuanzia hapo Siwema hakuwa tena mkaguzi wa muda tu.

Alirudi chini ya ngazi, akamwomba Karani afikishe shauri juu. Karani akainama kwenye bomba, akaeleza. Sauti ya Mheshimiwa Zahoro ikashuka, nzito na yenye mwangwi, kama inatoka ndani ya mtungi.

"Huyo mkaguzi ni mtu mwema?"

"Anaonekana hivyo, mheshimiwa."

"Basi mpe zote. Kote. Amalize mwenyewe."

Karani hakuhitaji kuchonga. Kikapu kilichokuwa miguuni pake kilijaa vibao vilivyokwisha andikwa "Zote, kote", kwa kuwa ndivyo vilivyotolewa mara nyingi na havikumchosha mtu kufikiri. Akachomoa kimoja, akampa.

Kilikuwa chepesi ajabu. Siwema alikishika akaona jinsi mambo yatakavyokuwa rahisi: ataingia chumba cha wakunga, atafungua mwaka wa mvua kubwa, atang'oa ukurasa, na Shani atabaki kwa mama yake. Alijua nia yake ni safi. Kisha akajiuliza kama kuna mtu aliyewahi kuchukua kibao kama kile akiwa na nia chafu. Pengine wote walikuwa na nia safi, siku ile waliyopewa.

"Kirudishe kikapuni, kaka," alisema. "Naomba pungufu ya hiki."

"Pungufu?" Karani alilitamka neno hilo kwa tahadhari.

"Nataka kuona vibao vilivyomo chumba cha wakunga. Kuona tu. Nisiguse, nisifungue kitabu. Iwe hapa, isiwe kote. Mpaka Ijumaa jua likizama."

Karani akayapeleka maneno juu.

"Anaumwa?" bomba likauliza.

"Sidhani, mheshimiwa."

"Mwambie hatuna hiyo."

"Ni kweli hatuna, dada," Karani alimweleza Siwema kwa huruma. "Sisi ni wa kote. Ruhusa ya hapa husemwa na mtu aliyesimama hapo hapo chumbani. Kutoka ngazini huwezi kuisema, hata mheshimiwa hawezi, labda ashuke."

Siwema alimkodolea macho. "Kwa hiyo iliyotolewa kwa neno hapa inatundikwa wapi?"

"Huko huko."

"Na wewe, unapotafuta jina la Ndaro, unatafuta wapi?"

"Hapa ngazini."

"Na ya huko huko, nani huiondoa?"

Karani aliinama. Akavuta kitabu cha sheria kutoka chini ya mguu mmoja wa meza, alikokuwa akikitumia kuisawazisha, nayo meza ikainama. Wakatafuta pamoja. Kifungu cha kumi na mbili: "Kilichotolewa chumbani huondolewa chumbani, na mwenye chumba. Tena chumba kilichoandika ruhusa zake upya hakifunguliwi na kibao cha kote mpaka mwakani."

"Sijawahi kuulizwa," alisema Karani Tuwa, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Mlangoni mwa wakunga alikaa Mzee Bungala, mlinzi, kwenye kigoda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama nyuma ya mlango, chini ya aproni zilizotundikwa humo. Siwema alimwamkia, akasimama kizingitini, akamwita Bi Kimeta aje.

"Nahitaji ruhusa yako ya kuona vibao vya chumba hiki."

"Yangu?" Bi Kimeta alicheka. "Mwanangu, mimi nakata vitovu. Ruhusa hutoka juu."

"Ya kote hutoka juu. Ya hapa ni yako wewe."

Bi Kimeta alimtazama, akamtazama Mzee Bungala, ambaye alitazama dari. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiti kama kitamhimili, akasema, "Namruhusu Siwema aone vibao, asiguse, asisome vitabu, mpaka Ijumaa jua likizama. Hapa." Hakuna kilichoanguka. Mkunga mmoja akachonga kibao, akampa Siwema, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kukitundika.

Wakaondoa aproni, moja baada ya nyingine, kumi na tatu. Nyuma yake kulikuwa na kitambaa kilichochorwa mistari miwili myeupe.

"Hicho ni cha watu wa paani," alinong'ona mkunga. "Hatujawahi kukigusa."

"Kilichorwa na nani?"

Hakuna aliyejua. Bi Kimeta akakifunua. Chini yake kulikuwa na ubao wenye vibao ishirini na saba, na mkono wa Mzee Bungala ulikuwa umetulia juu yake kama paka kwenye mkeka wake.

"Bungala!" alisema Bi Kimeta. "Miaka yote hii ulikuwa unashika hivi?"

"Mtu akija napapasa. Kikiwepo namwambia aingie, kisipokuwepo namwambia arudi. Vidole vyangu vinavijua hivi kuliko ninavyowajua wajukuu zangu."

"Na mimi nakwenda ngazini kila mwaka nalia, wewe upo hapa umekaa!"

"Mimi naulizwa kama mtu aingie, Bi Kimeta. Hujaniuliza hata siku moja kwa sababu gani."

Siwema aliketi juu ya mikono yake asije akasahau akagusa, akasoma kwa sauti. Kulikuwa na kibao cha mpaka rangi aliyepaka chumba mara moja. Kulikuwa na cha mtu aliyefariki miaka sita nyuma; kwa sheria ruhusa yake ilishakufa, lakini hakuna aliyekishusha, na kwa mujibu wa ubao bado alikuwa na haki ya kujua mimba za mji mzima. Vitatu vilikuwa vya mtu mmoja, kwa kuwa aliposahau kama anacho aliomba kingine. Na katikati kikawepo kile: "Ndaro wa nyuki. Aingie, asome lolote. Hapa." Chini yake alama ya Fundi Ngwali wa paani, na kwenye kona tone la nta, limekauka.

Ile nta ikamkumbusha Bi Kimeta. Miaka tisa nyuma paa lilivuja juu ya chumba hiki. Fundi Ngwali alihitaji nta ya kuziba, Ndaro akaileta na kushika ngazi. Mchana mmoja, kazi ikaisha. Fundi alikuwa na haki ya kumpa ruhusa amtakaye, na kibao alichokuwa nacho mfukoni siku ile kilikuwa cha kuingia na kusoma lolote, kwa hiyo alitoa hicho. Ngwali alipostaafu, kibao chake cha ngazini kiliondolewa kwa ngoma na hotuba, na kila mtu akaamini kwamba alivyovitoa vimeanguka pamoja naye.

Bi Kimeta alisimama mbele ya ubao. Aliifuta kwenye aproni mikono iliyopokea nusu ya mji ule. "Namwondolea Ndaro ruhusa," alisema. "Hapa." Akakivuta. Kilitoka kirahisi tu, kama jino la mtoto.

Mwanakombo, aliyekuwa kizingitini, alikaa chini sakafuni. Wakunga wakaanza kupiga vigelegele.

"Ngojeni," alisema Siwema. Macho yake yalikuwa kwenye kibao cha mwisho kabisa chini, cheusi kwa uzee. "Kuna hiki. Kinasema: Yeyote. Aingie, asome."

Vigelegele vikakatika.

"Hicho ni cha marehemu Bi Sharifa, aliyenifundisha kazi," alisema Bi Kimeta. "Ulikuwa mwaka wa homa. Mama wanakufa, watoto wanaokotwa vibarazani. Alitaka anayemwokota mtoto yeyote aje aangalie ni wa nani." Akakigusa kwa kidole kimoja. "Alikuwa na huruma sana Bi Sharifa."

"Kikibaki, Ndaro ataingia nacho."

"Tukikitoa," alisema yule mkunga mchongaji, "mama akija kutazama tarehe ya mwanawe tutamwambia nini? Kwamba kwa ajili ya mtu mmoja tumewafungia wote?"

Walibishana mchana kutwa. Wengine walitaka kibaki, na Ndaro peke yake akatazwe kwa jina. Bi Kimeta aliuliza, je, akimtuma mkewe? Wengine walitaka chumba kifungwe kabisa, wasiingie hata wakunga. Siwema alisikiliza, mikono imemfa ganzi chini ya mapaja. Mwishowe Mwanakombo, ambaye hakuwa na haki ya kusema katika chumba kile, aliuliza kutoka sakafuni, "Kwani mimi nahitaji kitabu kizima? Nahitaji ukurasa wangu."

Ikawa hivyo. Jumatano asubuhi waliomba vipande vya mti kwa maseremala, wakachonga, na habari ikaenda mjini. Jumatano na Alhamisi mama walikuja, mmoja mmoja, akina mama vijana na vikongwe, na kila mmoja akachongewa kibao chake: jina lake, ukurasa wake, hapa. Vibao mia tatu na kumi na viwili. Ubao haukutosha, wakatundika ukutani mpaka dirishani. Mzee Bungala alivipapasa vyote akivikariri, akilalamika kwamba atakufa kabla hajamaliza. Alhamisi alasiri, kibao cha mwisho kilipotundikwa, Bi Kimeta alikishusha kile cheusi cha Bi Sharifa kwa mikono miwili, akakifunga kwenye leso.

Ijumaa foleni ilizunguka Nyumba Kuu mara moja na nusu. Watu walikuja na viti na vyakula, wakaingia na kutoka, na uani zikasikika sauti za kuchoka: "Ukili wa mkeka viganja arobaini, mbichi!" "Mtungi mmoja, umepasuka shingo!" Saa nne Ndaro akafika kwenye mlango wa wakunga. Alikuwa mtu mrefu, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Mwanakombo alikuwa amesimama pembeni na Shani, safari hii amemshusha, amemshika mkono.

"Mzee Bungala, habari za asubuhi."

"Nzuri, bwana katibu."

"Natumia ruhusa yangu."

Mzee Bungala akapapasa. Alipapasa taratibu sana, na Siwema alihisi moyo wake unapanda na kushuka pamoja na vidole vile.

"Huna," alisema mzee.

"Papasa vizuri."

"Nimepapasa vizuri, bwana."

"Na kile cha yeyote? Mimi nami ni yeyote kama wengine."

"Hicho nacho hakipo."

Foleni ikaanza kunong'ona, halafu mtu wa nyuma akasema, "Katibu, hata mimi ninacho, njoo nikuazime!" Watu wakacheka. Ndaro hakucheka. Aligeuka, akaenda ngazini kwa hatua ndefu, na foleni nzima ikamfuata. Akainama mwenyewe kwenye bomba.

"Mheshimiwa, Ndaro wa nyuki. Nimezuiliwa Siku ya Kutumia!"

"Aa, Ndaro! Ile asali ilifika, ahsante. Tuwa, mpe ruhusa ya chumba hicho."

Karani Tuwa alitazama kikapu chake. Alimtazama Siwema, akamtazama mtoto. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: alifungua kitabu cha sheria mbele ya watu.

"Mheshimiwa, chumba hicho kimeandika ruhusa zake upya, kwa neno hapa. Kwa kifungu cha kumi na mbili, kibao cha kote hakifungui palipoandikwa upya mpaka mwakani. Mheshimiwa anaweza kuamuru vinginevyo, anayo haki. Lakini ni lazima aseme akiwa amesimama chumbani."

"Nishuke?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mheshimiwa."

Juu ya vichwa vyao zikasikika nyayo. Moja. Watu mia sita walinyanyua nyuso. Mbili. Mwanakombo alimvuta Shani kifuani. Ya tatu ilikanyaga kipandio cha kwanza cha ngazi, mbao ikalia, na kukawa na pumzi ndefu ya mtu mzito anayetazama chini mahali alipopasahau. Siwema alitambua kwamba alikuwa anamwombea mtu magoti mabovu, akaona aibu, akaendelea kuomba.

Nyayo zikarudi. Tatu, mbili, moja.

"Ndaro," bomba likasema, "hivi jambo hili ni la lazima sana?"

Ndaro alivua kofia. Siku hiyo, siku pekee ya mwaka ambayo hakuna anayeruhusiwa kuuliza haja, aliulizwa haja na mkuu mwenyewe, mbele ya mji mzima. Ilionekana kwamba hakuwa ameandaa jibu la kusemwa kwa sauti.

"Si la lazima sana, mheshimiwa," alisema mwishowe.

"Basi. Nani anayefuata?"

Foleni ikalipuka kwa vicheko. Mwanakombo hakucheka wala hakulia, alivuta tu pumzi, akaishusha, akavuta nyingine, kama mtu aliyekuwa chini ya maji tangu mvua kubwa. Shani akauliza kama sasa wanaweza kwenda nyumbani kula.

Ndaro alikuwa amesimama peke yake karibu na kisima, kofia mkononi. Bi Kimeta alimwendea. Siwema alitarajia maneno makali, lakini yule mzee wa kike alizungumza kwa sauti ya chini.

"Ni mkeo, sivyo?"

"Miaka kumi na moja, Bi Kimeta," alisema Ndaro. "Anataka kusikia mtoto ndani ya nyumba. Nilidhani..."

"Mlete kwetu. Aje kwa miguu yake. Tutamwangalia, na tutakayoyaandika yatakuwa ya kwake."

Ndaro akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaondoka.

Jua lilikuwa bado limebaki kiasi cha mkono mmoja Siwema alipokwenda chumba cha wakunga kurudisha kibao chake. Hakuhitaji, maana kingekufa chenyewe jua likizama. Mzee Bungala alikipokea, akakigeuza, akapapasa ubao mzima akitafuta msumari wa vibao vilivyorudishwa. Haukuwepo. Hakuna aliyewahi kurudisha.

"Nikiweke wapi?"

"Popote, babu. Usikitundike tu."

Akakitia mfukoni mwa kanzu. Mlango ukafungwa. Siwema alikuwa ameshapiga hatua chache aliposikia ndani wakunga wakicheka, kicheko kikubwa cha wanawake waliochoka, na sauti ya Mwanakombo ikiwemo. Akasimama. Kuna mtu alisema jambo, lakini ukuta ulikuwa mnene na maneno hayakutoka. Walikuwa wanacheka nini?

Hakuwa na ruhusa ya kujua. Akajikuta anatabasamu, akaenda zake.